Kuendesha vifaa vya kupimia vya maabara kupitia mtandao wa ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi wa maabara, wanafunzi wa ufundi na wahandisi wa Mombasa na pwani kwa jumla ambao wana oskiloskopu, maltimita ya mezani au pawa saplai yenye tundu la mtandao nyuma, na wamechoka kubonyeza vitufe na kunakili namba kwa kalamu. Mifano yote inatumia anwani za 192.168.50.x, wewe weka zako. Amri zimeandikwa kama zinavyotumwa, herufi kwa herufi.

Nitajuaje kama kifaa changu kinakubali?

Kigeuze utazame nyuma. Ukiona tundu lenye maandishi LAN au alama ya LXI, kinakubali. LXI ni kanuni za muungano wa watengenezaji ulioanzishwa 2004. Kifaa chenye alama hiyo hujitangaza chenyewe kwenye mtandao, kina ukurasa wake wa wavuti, na kina njia ya kurudisha mipangilio ya mtandao ikivurugika. Tahadhari: vifaa vichache hutumia tundu la umbo lilelile kwa mawasiliano ya zamani ya RS-232, ambayo si ya mtandao, kwa hiyo amini maandishi kuliko umbo. Kama hakuna LAN kabisa, kuna swali la vifaa vya zamani huko chini.

Ninunue nini?

Swichi ya kawaida ya matundu manane, waya wa Cat5e kwa kila kifaa, na kompyuta yoyote inayowaka. Kasi ya 100 Mbps inatosha na kubaki, maana vipimo vyenyewe ni herufi chache tu. Waya kutoka swichi hadi kifaa usizidi mita 100. Kama una kifaa kikongwe kinachojua 10 Mbps peke yake, usikimbilie swichi mpya za 2.5 Gbps, kwa sababu baadhi yake hazishuki hadi kasi hiyo na taa haitawaka kamwe.

Nunua waya usio na ngao ya chuma, yaani UTP. Ndani ya kila tundu la mtandao kuna transfoma ndogo inayotenganisha umeme wa pande mbili, na kanuni ya IEEE 802.3 inadai istahimili volti 1500 kwa dakika moja. USB ya kawaida haina utengano huo: ardhi ya kompyuta hushikana moja kwa moja na ardhi ya kifaa, na kelele ya 50 Hz hujipenyeza kwenye kipimo. Ukitumia waya wenye ngao iliyoshikana pande zote mbili, umeirudisha njia ileile uliyoikimbia. Lakini utengano huu usikudanganye ukapima umeme wa ukutani ovyo. Kibanio cha ardhi cha probu ya oskiloskopu bado kimeungwa na waya wa ardhi wa plagi. Ukikibana kwenye laini ya umeme kitalipuka, mtandao uwepo usiwepo.

Ikiwa vifaa viko majengo mawili tofauti, vuta faiba. Waya wa shaba unaopita nje kati ya nyumba mbili zenye ardhi tofauti huleta radi na tofauti za volti hadi mezani.

Wi-Fi? Kwa kutazama skrini, sawa. Kwa kipimo kinachokwenda usiku kucha, hapana.

Nipange anwani vipi?

Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiomba anwani kwa DHCP, yaani rauta ndiyo huvigawia. Shida ni kwamba rauta ikizimwa na kuwashwa, maltimita iliyokuwa .104 huenda ikaamka ikiwa .107, na programu yako ikaanza kuzungumza na pawa saplai ikidhani ni maltimita. Dawa nzuri kuliko zote ni kuingia kwenye rauta na kufunga anwani ya kila kifaa kwa MAC yake, namba ya utambulisho ya tundu la mtandao, ambayo huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye menyu ya LAN. Dawa ya pili ni kuiandika anwani ndani ya kifaa chenyewe: kwa mfano 192.168.50.21, kinyago (subnet mask) 255.255.255.0. Ukichagua njia hii, iambie rauta igawe kuanzia .100 hadi .199 tu, na vifaa vyako uviweke kati ya .20 na .60, visigongane.

Anwani mbili zikigongana utaona vituko: ping inajibu mara hii, mara ile kimya, au unauliza jina la oskiloskopu unajibiwa na jenereta ya mawimbi. Andika `arp -a` kwenye kompyuta ulinganishe MAC na kibandiko.

Tumechagua 192.168.50.x makusudi. Rauta nyingi za nyumbani na ofisini hutumia 192.168.0.x au 192.168.1.x. Kompyuta mpakato iliyoshika Wi-Fi ya ofisi kwenye 192.168.1.x huku waya wa maabara nao ukiwa 192.168.1.x haijui ipeleke wapi ujumbe, na mara nyingi hupeleka kusiko.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake kifaa kiliomba anwani kikakosa wa kukipa, kikajipa chenyewe. Ama waya haukufika kwenye rauta, ama DHCP imezimwa.

Kompyuta haikioni kifaa. Nianzie wapi?

Chini kabisa, na usiruke hatua. Kwanza taa za tundu, upande wa kifaa na upande wa swichi. Haziwaki? Badilisha waya kabla ya kugusa mpangilio wowote. Hapa pwani pini za plagi ya mtandao hushika kutu haraka, na waya uliofanya kazi mwezi jana unaweza kuwa umekufa leo.

Taa zikiwaka, piga `ping 192.168.50.21`. Ikijibu, jaribu poti, yaani namba ya mlango wa huduma ndani ya kifaa. Kwenye Linux:

`nc -vz 192.168.50.21 5025`

Kwenye Windows, ndani ya PowerShell:

`Test-NetConnection 192.168.50.21 -Port 5025`

Soma jibu kwa makini. Ukikataliwa papo hapo, kifaa kipo ila huduma hiyo imezimwa au umekosea poti. Ingia menyu ya LAN uiwashe. Kimya cha sekunde nyingi ndicho kinachoashiria ukuta wa moto, au kwamba uko mtandao mwingine kabisa. Ukishafunguliwa mlango tuma `*IDN?`, na jibu liwe na vitu vinne vilivyotengwa kwa mkato: mtengenezaji, modeli, namba ya kifaa na toleo la programu ya ndani.

Usitegemee sana kitufe cha "tafuta vifaa" katika programu za kompyuta. Utafutaji huo hutumia matangazo ambayo hayavuki rauta, na ukuta wa moto wa Windows huyazuia mara kwa mara. Kifaa kukosekana kwenye orodha hakumaanishi hakipo. Andika anwani kwa mkono.

Amri hizi za SCPI, kama `*IDN?`, ni kitu gani, na je ni zilezile kwa vifaa vyote?

SCPI ni lugha ya maandishi ya kawaida iliyotolewa 1990 juu ya msingi wa IEEE 488.2 ya 1987. Amri zenye nyota mbele ni za wote: `*IDN?` huuliza jina, `*RST` hurudisha mipangilio ya mwanzo, `*CLS` hufuta foleni ya makosa, `*OPC?` husubiri kazi iishe ndipo ijibu 1. Zilizobaki hufanana kwa ukoo tu. Maltimita ya kampuni moja na ya nyingine zote huelewa `MEAS:VOLT:DC?`, lakini ukifika kwenye mambo ya mawimbi ya oskiloskopu kila mtu ana yake, na huna budi kufungua mwongozo wa amri wa modeli yako.

Jambo moja huwatatiza wanaoanza. Mwongozo ukiandika `MEASure:VOLTage:DC?`, herufi kubwa ndizo ufupisho. Waweza kutuma `MEAS` au `MEASURE`. Ukituma `MEASU` utapata `-113,"Undefined header"`. Hakuna njia ya katikati.

Na kila baada ya kundi la amri, uliza `SYST:ERR?` tena na tena hadi upate `0,"No error"`. Kifaa hakipigi kelele kwenye mtandao kikikosea. Huweka kosa kwenye foleni na kuendelea kukaa kimya, nawe unaandika ripoti juu ya kipimo ambacho hakikuwahi kupangwa ulivyodhani.

Nitumie poti gani?

Kuna milango mitatu ya kawaida. VXI-11, ya 1995, huanzia poti 111 kisha kuhamia poti nyingine inayopangiwa, ndiyo maana hukwaruzana na kuta za moto. HiSLIP, iliyokuja 2010, hutumia poti 4880 peke yake na ni ya haraka zaidi. Wa tatu ni soketi tupu: unafungua TCP, unaandika mstari, unasoma mstari. Soketi tupu aghalabu ni 5025, na hiyo utaikuta kwa Keysight, Rohde & Schwarz na Siglent. Rigol hutumia 5555, na Tektronix 4000 baada ya kuiwasha kwenye menyu.

Lazima niweke VISA, ile programu ya kati ya kuzungumza na vifaa?

Si lazima. Kwa maltimita au pawa saplai, soketi tupu na Python ya kawaida vinatosha:

```
import socket

def uliza(s, amri):
    s.sendall((amri + "\n").encode("ascii"))
    jibu = b""
    while not jibu.endswith(b"\n"):
        kipande = s.recv(4096)
        if not kipande:
            raise ConnectionError("kifaa kimekata mawasiliano")
        jibu += kipande
    return jibu.decode("ascii").strip()

with socket.create_connection(("192.168.50.21", 5025), timeout=10) as s:
    print(uliza(s, "*IDN?"))
    print(uliza(s, "MEAS:VOLT:DC?"))
    print(uliza(s, "SYST:ERR?"))
```

Tazama mambo mawili hapo. La kwanza ni `"\n"` mwishoni mwa amri. Ukiisahau, kifaa hubaki kikisubiri umalize sentensi, wewe unasubiri jibu, na mnatazamana hadi muda uishe. Hili ndilo kosa la kwanza kulikagua kila mara kifaa kinapokuwa kimya. La pili ni kile kitanzi cha `while`: `recv` moja haiahidi jibu zima. Mezani, jibu fupi likifika lote kwa mara moja mara mia mfululizo, utadhani kitanzi hakina kazi. Siku likikatika katikati, `+4.99871E+00` itasomwa `+4.99`, na programu haitalalamika hata kidogo.

VISA inakufaa ukiwa na vifaa vya njia tofauti, au ukichukua mawimbi ya oskiloskopu. Kwa PyVISA, yaani VISA ndani ya Python, anwani huandikwa `TCPIP0::192.168.50.21::INSTR` kwa VXI-11, `TCPIP0::192.168.50.21::hislip0::INSTR` kwa HiSLIP, na `TCPIP0::192.168.50.21::5025::SOCKET` kwa soketi tupu. Ukitumia hii ya mwisho, weka mwenyewe `read_termination = "\n"`, vinginevyo utasubiri bure. Hutaki kupakua VISA nzito ya kampuni? Weka `pyvisa-py` na ufungue kwa `ResourceManager("@py")`.

Napata kosa la muda kuisha, na baada ya hapo majibu yote yanakuwa ya ajabu. Kwa nini?

Hili ni shauri la hesabu, na inafaa kulifuata hadi mwisho kwa sababu ndilo linaloharibu data nyingi bila mtu kujua.

Maltimita za mezani hupima kwa kukusanya volti kwa muda unaohesabiwa kwa mizunguko ya umeme wa ukutani, NPLC. Umeme wetu Kenya ni 50 Hz, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Ukituma `SENS:VOLT:DC:NPLC 100` umeomba sekunde 2 kwa kila kipimo. Ikiwa kujisawazisha kwa sifuri kumewashwa, na mara nyingi huwa kumewashwa tangu kiwandani, kifaa hupima mara mbili: mara moja mlango wa kuingilia, mara moja sifuri yake. Zimekuwa sekunde 4. PyVISA, usipoiambia lolote, husubiri milisekunde 2000 tu. Kosa lazima litokee.

Sasa tatizo lenyewe. Programu imekata tamaa, lakini maltimita haijui. Inamaliza kipimo na kuweka jibu mlangoni. Wewe unatuma swali jipya. Vifaa vingine hutupa jibu la zamani na kuandika `-410,"Query INTERRUPTED"`. Hivyo ndivyo vyenye adabu. Kwenye soketi tupu, mara nyingi jibu la zamani hukaa kwenye bafa (hifadhi ya muda) na ndilo unalosoma. Kuanzia hapo kila jibu limerudi nyuma hatua moja: umeuliza joto umepewa volti, umeuliza volti umepewa joto la awali. Grafu inachorwa, inapendeza, na yote ni uongo.

Tiba ina sehemu mbili. Weka muda wa kusubiri uliozidi kipimo kirefu kuliko vyote, angalau mara mbili yake. Kwa mfano huu sekunde 10. Halafu muda ukiisha hata hivyo, usiendelee. Funga soketi, fungua upya, tuma `*CLS`, uliza `*IDN?`, na endelea tu ukipata jina sahihi. Kwa VXI-11 na HiSLIP kuna amri ya kusafisha kifaa, kwenye PyVISA ni `clear()`, nayo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Nitatoaje mawimbi kwenye oskiloskopu, na kwa nini yanakatika?

Tuchukue Rigol DS1000Z, ambayo utaikuta kwenye maabara nyingi. Tuma `:WAV:SOUR CHAN1`, kisha `:WAV:MODE NORM`, kisha `:WAV:FORM BYTE`. Uliza `:WAV:PRE?`, utapewa namba kumi. Zinazokuhusu kwa volti ni tatu za mwisho: hatua, asili na rejea. Halafu `:WAV:DATA?`.

Jibu linaanza na kichwa kama `#9000001200`. Alama ya `#` inasema data mbichi inafuata, 9 inasema tarakimu tisa zinafuata, na hizo tisa zinasema kuna baiti 1200. Ruka baiti 11 za kichwa, soma 1200, acha alama ya kumaliza mstari. Kila baiti igeuze hivi: toa asili, toa rejea, zidisha kwa hatua. Ukiwa kwenye volti 1 kwa kisanduku, hatua ni 0.04 na rejea ni 127. Baiti yenye 152 ni (152 − 0 − 127) × 0.04, yaani volti 1.

Kukatika kunatokana na kile kitanzi cha kusoma hadi `"\n"`. Alama hiyo ni namba 10, na mawimbi yanayoshuka hadi kupita ukingo wa chini wa skrini yanaweza kuwa na baiti zenye thamani 10 kama namba nyingine yoyote. Msomaji akikutana nayo anadhani mstari umekwisha. Ndiyo maana hitilafu hii hutokea kwa mawimbi makubwa na kupotea ukipunguza ukubwa, jambo linalowazungusha watu siku nzima wakitafuta ubovu kwenye probu. Kwa data mbichi hesabu baiti, usitafute mwisho wa mstari. Au tumia `INSTR` badala ya `SOCKET`, kwa sababu huko mwisho wa ujumbe huashiriwa kando ya data.

Ukitaka kumbukumbu yote badala ya pointi 1200 za skrini, simamisha kifaa kwa `:STOP`, weka `:WAV:MODE RAW`, na uvute kwa vipande kwa `:WAV:STAR` na `:WAV:STOP`. Kwa muundo wa BYTE, kipande kimoja kisizidi pointi 250000.

Watu wawili wanaweza kutumia kifaa kimoja kwa wakati mmoja?

Mtandao utawaruhusu, akili ikatae. Mmoja akibadilisha masafa ya kupimia (range) huku mwingine akisoma, hakuna atakayejua. VXI-11 na HiSLIP zina kufuli, soketi tupu haina. Vifaa vingine hukubali muunganisho mmoja tu kwenye soketi, na programu ikianguka bila kufunga, kifaa hudhani bado uko, kikawakataa wote hadi kizimwe na kuwashwa. Ndiyo faida ya `with` kwenye mfano wa juu: soketi hufungwa hata kosa likitokea.

Ukurasa wa wavuti wa kifaa hautoshi?

Unatosha kupiga picha ya skrini na kubadilisha anwani. Vifaa vya miaka ya nyuma viliendesha kurasa hizo kwa Java ndani ya kivinjari, na vivinjari vya sasa haviikubali tena. Amri za SCPI za kifaa hichohicho bado zinafanya kazi.

Pawa saplai nayo niiendeshe kwa mtandao? Si hatari?

Maltimita ikikosea unapata namba mbaya. Pawa saplai ikikosea unapata moshi. Kwa hiyo mpangilio wa amri ni sheria: kwanza `OUTP OFF`, halafu kikomo cha mkondo, halafu ulinzi wa volti, halafu volti yenyewe, na towe liwashwe mwisho. Kwa saketi ya volti 5 inayokula nusu ampea:

```
OUTP OFF
CURR 0.6
VOLT:PROT 5.5
VOLT 5
OUTP ON
```

Majina hutofautiana kidogo kwa modeli, na kwenye saplai za chaneli nyingi lazima uchague chaneli kwanza. Kusahau hilo ndiyo njia ya kawaida ya kupeleka volti 24 mahali pa 5. Baada ya `OUTP ON` soma `MEAS:VOLT?` na `MEAS:CURR?` ulinganishe na ulichoomba kabla ya kuendelea.

Swali la kujiuliza ni hili: waya wa mtandao ukichomoka sasa hivi, saplai itafanya nini? Jibu kwa vifaa vingi ni kwamba itaendelea kutoa ilichokuwa inatoa. Haijui kuwa umeondoka. Programu yako haiwezi kuzima kitu isichokifikia, kwa hiyo kitufe cha dharura kiwe cha kukata umeme kwa mkono, chenye rile yake, kisichopitia swichi ya mtandao wala kompyuta. Kwa betri za lithiamu na hita, ongeza kikatajoto kwenye mzigo wenyewe. Tumeona watu wakijenga "kitufe chekundu" ndani ya programu. Hicho ni cha mapambo.

Kuna jambo dogo la adabu pia. Tuma `SYST:LOC` ukimaliza, ili atakayekuja mezani akute vitufe vya mbele vinafanya kazi.

Umeme ukikatika katikati ya kipimo?

Kompyuta mpakato ina betri, inaendelea. Maltimita inazimika, umeme unarudi, inaamka na mipangilio ya kiwandani, na programu inayojua kuunganisha upya inaendelea kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea. NPLC imerudi ya kawaida, masafa ya kupimia yamerudi ya kujichagulia.

IEEE 488.2 iliweka dawa. Uliza `*ESR?`. Kifaa kilichowashwa upya huinua biti ya 7, yenye thamani 128, na kusoma huifuta. Basi isome mara moja mwanzoni, na tena kabla ya kila kundi la vipimo. Ukipata 128 au zaidi, kifaa kilizimika: panga upya kila kitu, na weka alama kwenye faili mahali data ilipokatika.

Kuhusu UPS, swichi ndiyo husahauliwa. Mtu anaweka kompyuta na maltimita kwenye UPS, swichi ya mtandao anaiacha ukutani. Soma pia wati za UPS, usisome VA peke yake, maana wati huwa chache. Pawa saplai kubwa na hita zisiwekwe huko.

Joto na chumvi ya Mombasa vinaathiri nini?

Usahihi unaoandikwa kwenye karatasi ya kifaa kwa kawaida ni wa 23 °C, juu au chini kwa 5. Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita 28 bila shida, na hapo lazima uongeze hesabu ya mchepuko wa joto iliyo kwenye karatasi hiyohiyo. Kuendesha kwa mtandao kunasaidia: funga mlango, acha kiyoyozi kwenye joto moja, na vipimo vifanyike bila watu kuingia na kutoka. Washa vifaa saa moja kabla.

Adui mkubwa ni umande. Chumba kikipoozwa sana kisha mlango ukafunguliwa wakati wa masika, hewa yenye unyevu huganda juu ya kifaa baridi, ndani pia. Ni salama zaidi kukaa 24 hadi 25 mfululizo kuliko 18 mchana na kuzima usiku. Matundu ya mtandao yasiyotumika yafunike kwa vifuniko vya plastiki, na waya uliochomekwa uchomoe na kuurudisha kila baada ya miezi michache ili pini zijisugue.

Nina vifaa vya zamani vya GPIB, ule waya wa kuunganisha vifaa vya maabara kabla ya LAN, vya mtumba. Vinaingia kwenye mtandao?

Vinaingia kwa kigeuzi. Prologix GPIB-ETHERNET, kwa mfano, hukaa kwenye poti 1234. Unaiambia `++addr 9` kuchagua kifaa chenye anwani 9, `++auto 0` isisome bila kuombwa, unatuma amri yako, halafu `++read eoi` kusoma jibu. Waya wa GPIB una mipaka: vifaa 15, na urefu wote usizidi mita 2 kwa kifaa au mita 20 kwa jumla, kilicho kidogo. Kwa RS-232, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya `ser2net` inatosha.

Kabla ya hayo yote, kitazame kile kidirisha cha volti nyuma. Kifaa kilichotoka Marekani huwa kimewekwa 120. Kigeuze kiwe 240, na fyuzi nayo ibadilishwe kwa thamani iliyoandikwa kando yake, ndipo ukichomeke.

Naweza kuviendesha nikiwa nyumbani Nyali, au kwenye foleni ya feri Likoni?

Ndiyo, lakini usifungue poti ya kifaa kwenye rauta kuelekea intaneti. Soketi tupu ya SCPI haina neno la siri. Yeyote atakayeifikia anaweza kuiwasha pawa saplai yako. Oskiloskopu za zamani zinazoendeshwa na Windows ndani yake ziwekwe mbali na intaneti kabisa, maana hazipati tena marekebisho.

Njia ni VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti. WireGuard, programu mojawapo ya VPN, aghalabu huwekwa isikilize UDP 51820, na kompyuta ndogo ya maabara inaweza kuibeba. Laini nyingi za simu hazikupi anwani yako mwenyewe ya umma, kwa hiyo utahitaji seva ya kukodi itakayopokea pande zote mbili. Seva hiyo ikiwa Ulaya, safari ya kwenda na kurudi inazidi milisekunde 100. Maswali elfu moja ni zaidi ya dakika moja na nusu ya kusubiri tu. Kwa hiyo usiendeshe kitanzi cha vipimo kutoka nyumbani. Programu ikae kwenye kompyuta ya maabara ndani ya `tmux`, inayoiacha iendelee hata ukitoka, nawe uingie kwa SSH kuitazama. Simu ikizimika katikati ya kivuko, kipimo hakijali.

Nimesahau anwani na neno la siri la kifaa.

Vifaa vya LXI vina kitufe cha kurudisha mtandao, ama nyuma ama kwenye menyu, kikiandikwa LAN Reset au LCI. Kinarudisha DHCP na neno la siri la kiwandani. Urekebishaji wa vipimo hauguswi.

Vipimo vingapi kwa sekunde?

Kwa NPLC 1 bila kujisawazisha kwa sifuri, upeo ni 50. Kwa kujisawazisha, 25. Ukiuliza kimoja kimoja kwa `READ?` utapoteza muda wa ziada kwenye kila swali. Afadhali kifaa kijaze kumbukumbu yake: `SAMP:COUN 1000`, `INIT`, halafu `FETC?`. Keysight 34461A huhifadhi vipimo 10000. Kumbuka tu kwamba vipimo 1000 kwa 25 kila sekunde ni sekunde 40, na `FETC?` itasubiri zote, kwa hiyo muda wa kusubiri wa programu uwe 60 angalau.